Boda ya Kupanda, Boda ya Kuvuka: Shajara ya Neno Moja

Jumamosi, 8 Februari 2025. Kisumu

Leo nimefungua sanduku la viatu. Ndani mna kadi za manila nilizokata kwa makasi, kila moja sawa na kiganja, na kalamu mbili. Mradi wenyewe ni mdogo: kulifuata neno moja, boda, tangu lilikozaliwa hadi linakoegeshwa usiku chini ya daraja la Kondele.

Chanzo ni insha. Jumatatu iliyopita mwanafunzi wangu wa Kidato cha Pili aliandika: "Boda alikuja akaanguka, tukaiinua." Nikainua kalamu nyekundu, nikakwama. Nani alianguka? Tuliinua nini? Katika maneno manne boda ameanza akiwa mtu, akaishia kuwa chuma. Nilipoisoma sentensi darasani, watoto wote walielewa. Mwenye shida nilikuwa mimi, niliyefundisha ngeli miaka kumi na minne.

Masharti niliyojiwekea: sentensi iandikwe kama ilivyosikika, na makosa yake. Mahali, umri wa kukisia, basi. Majina ya watu siandiki. Pembeni mwa kadi nitaweka kiambishi kilichotumika: a-, i-, wa-, zi-, au chochote kitakachojitokeza.

Alhamisi, 13 Februari

Kadi tisa tu, na zote za chumba cha walimu. Mwenzangu wa Historia alinitazama kama mtu anayechimba kisima kando ya ziwa. "Hilo linajulikana, mwalimu. Busia, miaka ya 1960. Watu walivushwa mpaka kwa baiskeli. Mpaka kwa Kizungu ni boda. Umemaliza."

Kweli linajulikana. Kati ya forodha ya Kenya na ya Uganda palikuwa na mwendo wa zaidi ya nusu maili. Gari lisilo na karatasi za kuvuka liliishia upande wake, abiria akashuka na magunia yake, akaanza kutembea juani. Kijana mwenye baiskeli akafunika keria kwa sponji, akaona riziki. Lakini hayo yote hayajanieleza nani alianguka na nini kiliinuliwa.

Jumamosi, 22 Februari. Kondele

Nimeshinda stegi, pale boda wanapongojea abiria, tangu saa mbili asubuhi hadi saa sita. Nimetoka na kadi 17 na nadharia tatu.

Ya kwanza ilitoka kwa kijana mwenye jaketi ya kijani: boda ni "bodi", mwili kwa mwili, kwa sababu abiria hukaa akimgusa dereva. Wenzake wakacheka sana. Mama aliyekuwa akisubiri chenji yake akasonya.

Ya pili nilitaka kuiamini, kwa kuwa aliyeisema ni mtu mzima na aliisema kwa utulivu. Eti keria za kwanza ziliwekewa ubao kabla ya sponji, na ubao kwa Kiingereza, board, ndio chanzo. Nimeibeba nadharia hiyo hadi nyumbani, nikaitupa jikoni nikimenya viazi. Neno hilo la Kiingereza tunalo tayari katika Kiswahili, na tulilipa i mwishoni: bodi ya shule. Hata la mwili, kwa upande wa gari, tulilipa i: bodi ya lori. Lakini maneno ya Kiingereza yenye mkia kama ule wa neno la mpaka, border, sisi huyamalizia kwa a. Tazama oda, poda, lita, mita, filta, kompyuta. Boda anakaa katika ukoo huo, hata ukimwamsha usiku wa manane.

Kwa hiyo ni ya tatu, ile ya mwenzangu wa Historia. Sitamwambia leo.

Jambo dogo la kuchekesha: katika sauti nilizorekodi kuna kijana anayemwita mzee mmoja, "Buda, boda?" Nilisikiliza mara nne kabla ya kuamua lipi ni lipi. Buda ni baba wa watu, boda ni usafiri, na katikati kuna irabu moja tu.

Jumapili, 2 Machi. Kibuye

Jumapili ndiyo siku kubwa ya soko hili, na kwenye lango la upande wa mitumba bado kuna waendesha baiskeli. Si wengi. Nilimkuta mmoja, miaka sitini na kitu, ameegemea Black Mamba yake, ile baiskeli nyeusi nzito isiyo na gia ambayo zamani ilijaa mji huu. Kiti cha nyuma kina sponji iliyoshonewa kitambaa chekundu na mikia ya plastiki pembeni. Siku hizi habebi watu. Hubeba magunia ya makaa na viti vya kukodishwa kwa matanga.

Nikamuuliza kazi yake inaitwaje. Akaniangalia kama nimemtukana.

"Mimi ndiye boda, japuonj. Hawa wengine ni watu wa apiko."

Japuonj ni mwalimu kwa Kijaluo, apiko ni pikipiki, na ndiga ni baiskeli. Alizitenganisha kwa mkono, kama anayetenganisha mbuzi wa watu wawili. Nikageuka kwa mama anayeuza omena hatua tatu kutoka pale, nikamuuliza huyu mzee ni nani. Akajibu bila kusita: "Huyo? Huyo ni boda ya baiskeli."

Nimeandika kadi mbili, na naona kwamba hizi mbili peke yake zimelipa nauli. Baiskeli ndiyo iliyolipata jina kwanza. Mwaka 2008 serikali iliziondolea pikipiki za chini ya 250 cc kodi ya VAT, mashine za India na China zikafurika, na jina likahama na abiria. Sasa mwenye jina anaitwa kwa nyongeza. Ili aeleweke lazima asemwe "ya baiskeli", kana kwamba yeye ndiye aliyekuja nyuma.

Sikumwambia mzee alivyosema yule mama. Huenda alisikia.

Jumapili, 16 Machi

Hakuna kadi. Mitihani. Tena simu imeingia maji kwenye mvua ya Ijumaa, nimeilaza ndani ya mchele siku mbili. Imefufuka lakini sauti za Kondele zimepotea zote ila ile ya "Buda, boda?", maana nilikuwa nimemtumia mke wangu.

Jumatano, 9 Aprili. Busia

Likizo. Nimepanda matatu asubuhi: Maseno, Luanda, Yala, Ugunja, Bumala. Kuanzia Bumala malori ya mafuta yanazidi, na ukikaribia Busia foleni yao inakuwa ukuta.

Nilishuka nikiwa na swali langu nililolipiga pasi njia nzima. Nikamuuliza kijana wa kwanza niliyemwona: "Boda iko wapi?"

Naye: "Ya kupanda ama ya kuvuka?"

Nilisimama pale barabarani nikaiandika kabla ya kumjibu, akadhani mimi ni askari wa kaunti. Popote pengine Kenya swali hilo lingekuwa mzaha. Hapa ni la lazima, maana maana zote mbili zinaishi mtaa mmoja na zinapishana siku nzima. Dakika kumi baadaye nikasikia mwanamke akisema, "Nichukulie boda nifike boda," na hakuna aliyegeuka kumtazama.

Ya kuvuka yenyewe imebadilika sura. Tangu kituo cha pamoja kilipozinduliwa rasmi mwaka 2018, msafiri hugongewa mihuri yote miwili katika jengo moja, upande anaouingilia. Sehemu niliyotaka kuiona, ule mwendo wa katikati uliozaa kazi na neno, sasa ni lami, uzio, na vibanda vya kubadilisha pesa. Nilitembea kipande chake nikihesabu hatua, nikapoteza hesabu kwa sababu ya pikipiki.

Alhamisi, 10 Aprili. Busia

Mwenyeji wangu alinipeleka kwa mzee mmoja upande wa Marachi aliyeendesha baiskeli ya kuvusha watu tangu ujana wake miaka ya 1970. Goti lake la kulia halikunji tena. Aliketi nje kwenye kiti cha plastiki, mguu umenyooshwa juu ya ndoo.

Nilianza kwa heshima zote, habari za nyumbani, za mvua, za mahindi. Alinikatiza. "Mwalimu, umekuja kuuliza boda. Uliza."

Mzee anasema wao wenyewe hawakujiita hivyo. Walijiita watu wa baiskeli. Boda ilikuwa kelele ya kuita wateja, na aliyeanza kuwaita hivyo ni abiria: "Niitie wale wa boda-boda." Kwa Kiluhya chao, abandu ba boda. Jina walivalishwa na watu waliochoshwa na makelele yao.

Nikamuuliza, kwa nini "boda"? Mpiga debe wa matatu huita jina la mahali anakokwenda, mara mbili tatu: Kondele-Kondele, Luanda-Luanda. Kwa nini wao hawakuita jina la mji wa ng'ambo?

Mzee alicheka mpaka ndoo ikasogea.

"Mji gani, mwalimu? Hapa ni Busia. Na kule ni Busia. Nikiita Busia-Busia utanielewa nini, na wewe uko Busia tayari?"

Nimekaa na jibu hilo tangu asubuhi. Miji yote miwili ina jina moja. Malaba, kaskazini mwa hapa, ni vilevile: Malaba ya Kenya, Malaba ya Uganda. Jina la mahali halikuwa na kazi. Kilichobaki cha kuita ni kile kitu kilichoigawanya Busia mara mbili, nacho hakikuhitaji kubadilishwa ukigeuza baiskeli kurudi. Upande huu wanaita boda, upande ule wanaita boda. Wengi husema maana yake ni "mpaka hadi mpaka". Inawezekana, na haipingani na kelele: neno linalorudiwa katika lugha yetu halikatai kubeba mambo mawili.

Alinisimulia pia miaka ya Amin, chumvi na sabuni zilipokosekana ng'ambo na baiskeli zikafanya kazi usiku kuliko mchana. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977, mpaka ukawa mgumu zaidi, na kadiri ulivyokuwa mgumu ndivyo mwenye baiskeli alivyohitajika. Kuhusu kahawa ya magendo ya miaka hiyo, ile iliyoutajirisha Chepkube kule juu Bungoma bei ilipopanda baada ya baridi kali kuharibu mashamba ya Brazil mwaka 1975, alisema neno moja tu: "Tuliisikia." Kisha akatazama goti lake. Sikumsukuma.

Nusu ya mazungumzo imefunikwa na lori lililosimama nje likiwa limewashwa. Nimeyaandika usiku huu kutoka kichwani.

Jumapili ya Pasaka, 20 Aprili. Nakuru

Kwa dada yangu, Free Area. Kadi sita. Watoto wake hawasemi boda, wanasema nduthi, na boda wanamwachia mama yao. Mkubwa aliniambia boda ni "neno la habari". Lina ukweli: magazeti huandika "wahudumu wa bodaboda", yote kwa jumla, kama wahudumu wa hoteli. Neno la mtaani likishaingia gazetini, watoto hutafuta lingine.

Jumamosi, 17 Mei. Kisumu

Dereva wa lori kutoka Mwanza, hoteli ya samaki karibu na ziwa. Nimefurahi kumpata, maana nilihitaji sikio lisilo la Kenya. Kwao bodaboda ni pikipiki ya kubeba abiria, na wakati mwingine mwenye pikipiki. Nikamuuliza kama anajua boda ni mpaka. Akashangaa. Kwao ni mpakani, tangu azaliwe, na hata Sirari alikopita jana usiku aliita mpakani. Neno limefika Tanzania likiwa limeacha mizigo yake njiani, jina tupu la mashine, kama bajaji kwao ilivyo jina la kampuni ambalo hakuna anayelifikiria.

Ila wameliongezea familia. Kubeba abiria wawili watatu nyuma wanaita mishikaki. Nilicheka peke yangu njia nzima.

Kuna lingine nimelizoa wiki hii bila kulitafuta: "ya boda". Nitumie ya boda. Amenipa ya boda. Mara mbili kati ya nne, msemaji alikuwa hapandi chochote. Ni pesa ndogo ya kuombwa bila aibu, imekaa rafu moja na ya chai na ya soda.

Jumapili, 25 Mei

Leo nimezitandaza kadi zote kitandani, 83, mke wangu akahamia sebuleni. Nimezipanga kwa viambishi.

Rundo la i- na zi- ni kubwa: boda imekwama, boda zimepanda bei. Hilo ni chuma au ni huduma. Rundo la a- linalifuata kwa karibu: boda amenidanganya, boda ananisubiri. Kisha kuna kitu sikukitarajia, nacho ni wingi. Kwa watu, wasemaji wengi wa chini ya miaka thelathini hawakusema "boda wamegoma", walisema "maboda wamegoma". Hiyo ma- hatukuiokota barabarani. Ndiyo tuliyowapa makarani, madaktari, madereva, makondakta. Ni kiti tunachomwekea mtu aliyekuja na kazi kutoka lugha nyingine. Vijana wamemwandikisha boda katika orodha ya wenye kazi bila kamati yoyote kuketi. Kijaluo kilifanya hivyo kwa njia yake: jaboda mmoja, joboda wengi, sawasawa na japuonj na jopuonj. Waganda nao wana aba boda.

Kadi mbili za upande wa Kakamega zina "kaboda", kale ka- ka unyenyekevu: "Nimenunua kaboda kangu." Kwa sauti ya aliyesema, si kadogo hata kidogo.

Halafu rundo la mwisho, kadi saba, limenikalisha mpaka chai ikapoa. "Nishushe hapo kwa boda." "Tukutane kwa boda." "Duka liko mbele ya boda." Hapo boda si mtu wala chuma. Ni kona, mti wa mwarobaini, kibanda cha mabati walikoegesha. Neno lilitoka Busia likiwa mahali, likapanda baiskeli, likahamia pikipiki, likamwingia dereva, na sasa limeshuka tena kuwa mahali. Kila njia panda ya Kisumu ina boda yake na hakuna anayevuka kwenda nchi nyingine.

Mwenzangu anayetoka Kajiado amenivuruga kidogo nilipomweleza nadharia ya jina moja la miji. "Na Namanga je? Pande zote ni Namanga." Nimeiandika nyuma ya kadi ya mzee.

Jumamosi, 7 Juni

Kadi nisiyoipenda. Kwenye mkutano wa wazazi mgeni mmoja alisimama akawaonya wasichana juu ya "maboda" kana kwamba ni ugonjwa wa mkoa huu. Maneno hayo nimeyasikia kwenye baraza nyingi. Kuna jambo la kweli ndani yake, wasichana wapo walioharibiwa masomo, siwezi kulikana nikiwa mwalimu. Ila neno lililotaja kazi limegeuka kutaja tabia. Machi 2022, baada ya kundi la waendeshaji kumshambulia mwanamke barabarani Nairobi na rais kuamuru msako, nakumbuka lilivyobadilika ladha kwa wiki chache tu, "boda" likatamkwa kama "jambazi".

Safu ya tatu kulikuwa na msichana ambaye baba yake humleta shuleni kwa pikipiki kila asubuhi na humpa mkono wa kwaheri kama mtu mkubwa. Aliinamisha kichwa mgeni alipokuwa akisema. Baba yake alikuwa nyuma, kofia ya chuma mapajani.

Nimeandika sentensi ya mgeni kama ilivyo. Pembeni nimeweka wa-.

Jumamosi, 14 Juni

Mzee wa Busia amenipigia simu. Kuna alichosahau: nilimuuliza maneno, sikumuuliza sauti. Kelele yenyewe haikuwa "boda-boda" ya haraka kama wanavyosema watu wa redio. La kwanza lilivutwa, la pili likakatwa, ili lipite juu ya injini za malori. Akaniambia nishike kalamu, kana kwamba sauti inaandikika. Nikaweka simu kwenye spika, nikawasha ya mke wangu irekodi.

Akavuta pumzi. "Booodaa-boda!"

Mara ya pili aliipaza zaidi, na nikasikia upande wake pikipiki ikikaribia, ikazimwa.

"Mzee, twende?"

"Twende wapi? Sijakuita."

"Umeita boda. Mara mbili."

"Naongea na mwalimu, yuko Kisumu!"

Kimya kidogo. Kisha kijana, kwa sauti ya mtu anayepiga hesabu ya mafuta:

"Sasa mwalimu anaenda wapi?"